Behewa la Ubundu

Jumamosi asubuhi Yakubu, fundi cherehani wa mtaa wa Lubunga, alifuta vumbi kwenye reli ndogo zilizozunguka meza yake ya kukatia vitambaa, akatia tone la mafuta kwenye kichwa cha treni cha kijani, akawasha umeme. Vichwa vingine alivyokusanya kutoka nyumba za Wazungu walioondoka vilikaa rafuni. Hiki kilikuwa cha zamani kuliko vyote, chuma kitupu, na ndicho pekee kilichovuta abiria.

Walikaa ndani ya behewa lake, wadogo kama vifungo vya shati. Mkewe, Khadija, alimtambua dada yake mkubwa Karima, aliyemwita yaya, siku ya kwanza tu, kwa kitenge alichoondoka nacho kwenda Ubundu kwa treni wakati wa vita. Behewa alilopanda halikufika. Sasa Khadija alimletea punje za wali kwenye kizibo cha chupa.

Taabu ilikuwa umeme. Ukikatika, kichwa kilijifungua chenyewe kutoka kwenye behewa, na abiria wakajificha chini ya viti, wakiwaziba watoto midomo. Kwa hiyo Yakubu alishona huku sikio likiwa kwenye injini, betri ya pikipiki miguuni. Siku hizi injini ilinuka kuungua.

Jumamosi hiyo walimwita Papa Constant, dereva mstaafu aliyeiendesha treni ile ya Ubundu. Alivaa miwani, akainamia kichwa cha treni.

"Machine yako iko muzuri, Yakubu."

Karima alitoa kichwa dirishani. "Papa Constant, ulisema unaenda kuangalia njia. Ulifungua behewa, ukaenda na machine. Tunangoya."

Constant aliwatazama wote, mmoja mmoja.

"Mimi niliwafikisha," alimwambia Khadija. "Njo vile nilisema ku bureau ya reli. Siwezi sasa kusema ingine."

"Lakini unawaona, papa."

"Nawaona, mama."

Alimaliza chai yake, akaaga kwa heshima, akaenda kwenye mkutano wa madereva wastaafu, ambao yeye ndiye mwenyekiti wao.

Hajafika hata barabarani, umeme ukakatika. Yakubu alipiga magoti, akaunganisha betri. Kichwa kilikwama kidogo, kikasogea na behewa nyuma yake.

"Khadija," Karima aliita, "Ubundu iko bado mbali?"

"Bado kidogo, yaya," Khadija alisema, akaondoa mkasi relini ili wapite.