Kipa Aliyetaka Kushangilia

Kila Yoramu alipofunga goli, alivuna mpunga. Alikimbilia kwenye kibendera cha kona, akainama, akakata mashuke kwa mundu ambao haupo, akayafunga mzigo, akajitwisha kichwani, kisha akatembea kwa madaha kama mama anayetoka shambani. Timu yake, Mkonge ya Morogoro, ilimlipa mshahara kwa ajili ya magoli, lakini watu walikuwa wanakuja uwanjani kwa ajili ya kule kuvuna. Mwaka huo wa 1996 hata mtangazaji wa redio alikuwa anasubiri mzigo ufike kichwani ndipo aendelee na mpira.

Anselim alikuwa kipa wa timu hiyohiyo. Yeye na Yoramu walikua pamoja Lipangalala, pale Ifakara, wakasajiliwa msimu mmoja na kupangishiwa chumba kimoja. Kila Yoramu alipovuna, wenzao wote walimrukia, na Anselim akabaki golini kwake, mbali, akipiga makofi ya glovu ambayo hakuna aliyeyasikia. Yeye akiokoa, beki mmoja alimgusa bega, kisha wote wakageuka kukaba kona. Alifika mahali akawa anaomba shuti la Yoramu ligonge mwamba, anajichukia kwa kuomba hivyo, halafu anaomba tena.

Kilichomuumiza zaidi ni Herieth, mkewe, aliyebaki Lipangalala. Likizo moja alimkuta uani na majirani, ungo mkononi, akiwaonyesha jinsi Yoramu anavyojitwisha. Alikuwa anacheka mpaka machozi. Anselim alimuuliza kama anajua kwamba katika mechi ya mwisho yeye aliokoa penalti. Herieth akajibu kwamba alisikia redioni, akampongeza, akaendelea kupepeta.

Mavuno yalipokwisha, Mkonge ikaalikwa Ifakara kucheza na kombaini ya bonde, vijana waliochaguliwa kutoka mjini, Lupiro na Chita. Watu walijaa mpaka kwenye chokaa ya uwanja, wengine wakasimama juu ya keria za baiskeli. Herieth alikaa kando ya goli la mumewe, amevaa kitenge kipya. Anselim alikuwa ameshaamua kwamba siku hiyo, akiokoa, naye atashangilia.

Kipindi cha pili, Herieth akiwa amemfuata mumewe kwenye goli la upande wa pili na timu zikiwa bado hazijafungana, kombaini ikapata penalti. Mpigaji alipiga kwa nguvu. Anselim akaruka, akaupangua kwa ngumi, mpira ukapaa juu. Hakusubiri kuona unakokwenda. Alinyanyuka, akavua glovu, akazirusha, akamkimbilia Herieth mikono imetanuka, akapiga magoti mbele yake na kujigonga kifua huku akipiga ukelele ambao hata yeye hakujua kwamba anao.

Uwanja ulilipuka, naye akadhani ni kwa ajili yake. Ndipo akaona kwamba Herieth hamtazami. Anatazama golini, nyuma ya Anselim, mkono mdomoni. Mpira ulikuwa umeshuka karibu na mstari, ukadunda, ukajizungusha taratibu mpaka wavuni. Refa alikuwa tayari ananyoosha mkono kuelekea kati.

Anselim akaokota glovu zake. Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini.

Kuelekea mwisho Yoramu akasawazisha kwa kichwa. Uwanja mzima ukainuka kusubiri mavuno, maana hata mashabiki wa kombaini walitaka kumwona mtoto wa nyumbani akivuna. Yoramu hakwenda kwenye kibendera. Alimtazama Anselim kule mbali, akainamisha kichwa, akautoa mpira wavuni na kurudi nao kati akitembea. Watu wakaanza kupiga makofi, wazee kwa vijana, makofi marefu kuliko yale aliyokuwa akipigiwa anapovuna.

Jioni hiyo Lipangalala yote ilikuwa inazungumzia jambo hilo. Herieth mwenyewe, akimpakulia mumewe wali, alisema kwamba Yoramu ni mtu mwenye utu. Anselim hakula.

Asubuhi Yoramu alikuja kumpitia ili waende stendi. Anselim akamuuliza pale mlangoni kwa nini hakushangilia.

“Nilikuonea huruma, ndugu yangu.”

“Ukivuna wanakupigia makofi. Ukinyamaza wanakupigia zaidi. Mimi nimeinua mikono siku moja tu, wakanicheka.”

Yoramu akakaa juu ya begi lake. Alisema hakuyafikiria makofi. Alimwona tu Anselim amesimama kule peke yake, na miguu ikakataa. Ilionekana ni kweli, na ukweli huo ulimchoma Anselim kuliko kama mwenzake angekuwa anajionyesha.

“Sasa ulitaka nifanye nini?” Yoramu aliuliza.

Anselim akajibu: “Uvune. Ukifunga, vuna, hata kama nimefungwa kumi. Usinionee huruma mbele ya mke wangu.”

Hakusema kwa wema. Yule Yoramu wa mzigo wa hewa, Anselim aliweza kumwonea wivu na bado wakalala chumba kimoja. Yule aliyeinamisha kichwa, Anselim hakujua amfanye nini. Yoramu akasema sawa, akanyanyua begi.

Njiani muuza vitumbua mmoja alimwita Yoramu kwa jina na kumsifu, kisha akamgeukia Anselim akampa pole.

“Nimeshapoa, mama,” Anselim akajibu, akakaza mwendo ili atangulie yeye.