Kila Kitu Nusu

Usiku wa kuamkia leo niliota mlango umekuja kututembelea. Simaanishi mtu wa mlangoni. Mlango wenyewe, wa mbao, pamoja na fremu yake, umepanda ngazi zetu zote thelathini na moja mpaka barazani, unahema.

"Hodi," ukasema.

Nikashangaa kidogo, maana mlango kazi yake ni kupigiwa hodi. Lakini mgeni ni mgeni.

"Karibu."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wa wapi wewe?"

"Wa kule kwa Mwajabu. Vile vyumba viwili. Nimekuja kupima."

Kwapani umebana msumeno. Najua mlango hauna kwapa, ila ndotoni sikuuliza.

Niseme kwanza jambo lenyewe, lisije likaonekana la kichaa. Sisi tunakaa mlimani hapa Morogoro, nyumba ya vyumba saba, mimi na mume wangu, Mwalimu Kibwana. Alifundisha hesabu miaka thelathini na nne. Mwezi wa Ramadhani akapata kiharusi, upande wa kulia ukalala, mkono ukakunja ngumi na haujafunguka hadi leo. Zile ngazi hawezi tena. Binti yetu Mwajabu akatutafutia vyumba viwili jirani na kwake, chini, tambarare, hakuna ngazi hata moja. Tunahama Jumamosi. Na kila akipiga simu ananikumbusha neno moja tu: "Mama, kila kitu nusu."

Mimi naitikia, "Nimeshapunguza, mwanangu." Uongo mtupu. Sijapunguza hata kijiko.

Basi mlango ukaegemea ukuta, msumeno ukashuka wenyewe na kupiga miayo.

"Tuanze na lipi?" msumeno ukauliza.

"Hakuna kuanza," nikasema. "Vitu vyangu vyote vinaenda."

"Vinaenda, ndiyo. Nusu nusu."

Msumeno ukaingia kwenye kochi. Kochi la watu watatu likawa la mtu mmoja na nusu. Ukaingia kwenye friji, likawa na baridi upande mmoja. Saa ya ukutani ukaipasua katikati, ikabaki na saa sita mpaka saa kumi na mbili jioni, kwa hiyo kuanzia hapo nyumbani kwetu hapana asubuhi. Sikulalamika sana. Asubuhi ndipo magoti yangu yanaponiuma.

Kisha ukafika kabatini, kwenye sahani za wageni. Zipo ishirini na nne, zina maua ya bluu, nilizinunua mwaka niliomzaa Mwajabu, na hakuna aliyewahi kuzilia.

"Taratibu!" nikapiga kelele. "Hizo za wageni!"

Sahani ya juu ikageuka kunitazama. "Mama Mwajabu, huyo mgeni tunayemsubiri ni nani?"

"Mgeni wa maana."

"Alikuja shemeji yako, ukamlisha kwenye plastiki. Akaja shehe, plastiki. Huyo wa maana ana pembe?"

Nikaziambia sahani zina mdomo mchafu, zikakatwa zimenuna.

Likaja sufuria langu kubwa la shughuli. Mtaa mzima unaliazima, harusi na misiba. Lenyewe halikuogopa, likajilaza chali, tumbo wazi.

"Nikate," likasema, "ila mniambie Mama Tunu akifiwa atapikia nini."

"Usinitabirie vifo!" akajibu jirani yangu Mama Tunu, ambaye kumbe alikuwa ameegemea ukuta uani kwetu muda wote, anatafuna muwa. Akanigeukia mimi. "Shoga, nasikia unahamia nyumba ndogo. Uzeeni hivi? Makubwa!"

"Toka hapo."

"Sitoki. Naangalia."

Msumeno ukalipindua sufuria, ukachungulia chini. "Lina alama," ukasema, halafu ukalikata.

Hiyo alama ni yangu. Huku kwetu ukiazimisha chombo chako bila alama, umekigawa, maana kwenye shughuli vyombo vya wanawake hamsini vinaoshwa beseni moja. Kila mmoja ana yake. Yangu ni nukta mbili za rangi ya kucha, nyekundu, kitakoni. Na wiki hii, badala ya kupunguza vitu, nimefanya nini? Nimezunguka nyumba nzima na kichupa changu, nikatia nukta kila kitu nisije nikakiacha. Kochi, pazia, hata ndoo iliyotoboka. Ndiyo maana msumeno ulikuwa haukosei. Chenye nukta ni chombo, na chombo kinakatwa.

"Kimebaki kimoja," msumeno ukasema.

"Hakuna kilichobaki."

Mlango ukakohoa. Ukatoa karatasi mahali ambapo panakaa kitasa, ukasoma kwa sauti ya upole: "Kitanda, friji, magodoro mawili, meza, na mzee."

Maneno hayo nimeyasema mimi, na si ndotoni. Juzi dereva wa lori alinipigia simu. "Mama, mizigo mikubwa ni mingapi, nijue nilete gari gani?" Nami huku nakoroga uji, huku nimebana simu begani, nikamjibu hivyo hivyo, kwa mpangilio huo huo: kitanda, friji, magodoro mawili, meza, na mzee. Nilipokata simu nikaona mlango wa chumbani uko wazi. Mwalimu alikuwa macho. Akageuza uso ukutani. Siku hizi maneno yake yanatoka moja moja, kwa taabu, lakini hata angekuwa na ulimi wake wa zamani sidhani kama angesema kitu. Nikampelekea uji. Hakunywa.

"Chumba cha mwisho," mlango ukaniambia. "Samahani sana, mama."

Nafungua chumba chetu na ndani ni darasa. Ubao, chaki, madawati. Kwenye madawati zimekaa nusu zote: nusu kochi, nusu friji, nusu sahani ishirini na nne, nusu sufuria nyuma kabisa kwa sababu ya urefu wake. Mwalimu Kibwana amesimama mbele na fimbo yake ya kutembelea, ngumi ya kulia kifuani, miguu peku.

"Mama... Mwajabu," anasema. "Ume... chelewa."

"Nilikuwa na mgeni."

"Kaa."

Nakaa dawati moja na nusu kochi. Mwalimu anawauliza wanafunzi nusu ya nane, wanajibu nne. Nusu ya moja? Wanatazamana majeraha yao.

Msumeno unaingia bila hodi, unainama, unamwinua mwalimu mguu. Chini ya unyayo, pale kisigino kinapoanza, zipo nukta mbili nyekundu.

"Nani kamtia hizo?" nauliza, nimesimama.

"Mkono ni wako, mama. Tunaujua sasa." Msumeno ukampima kwa macho, kulia, kushoto. "Huyu hanipi kazi. Keshagawanyika mwenyewe. Nusu ya kushoto inafanya kazi, inakwenda. Ya kulia tunaiacha hapa na makabati."

Jamani, mimi nina mdomo, kila mtu mtaani anajua, lakini sikumbuki kama nimewahi kutukana namna ile. Niliutukana msumeno, nikamtukana fundi aliyeunoa na duka lililouuza. Nikasema mume wangu si gogo. Nikasema upande huo wa kulia ndio uliobeba watoto wetu, ndio ulioandika ubaoni miaka thelathini na nne, ndio nilioulalia siku mama yangu alipokufa. Mama Tunu, ambaye sasa alikuwa dirishani, akaacha kutafuna.

"Mtu," akasema mwalimu taratibu, akiwatazama wanafunzi si mimi, "ni namba... tasa. Haga... wanyiki."

Darasa likapiga makofi, kila mmoja kwa alichonacho.

"Hayo ya darasani, mwalimu," msumeno ukasema. "Mimi nafuata alama."

Basi nikapiga magoti. Nikatemea mate ncha ya kanga, nikasugua unyayo. Wapi! Nikasugua kwa majivu, na majivu sijui yalitoka wapi. Nukta zikazidi kung'aa.

"Unajisumbua," nusu sufuria likasema kutoka nyuma. "Mwenyewe unajisifu kwa watu kwamba rangi hiyo haitoki."

Nikaushika ule mguu. Ni mguu wa kulia, wa baridi, mzito. Nikagundua kwamba tangu Ramadhani nimeuosha, nimeupaka mafuta, nimeuvisha soksi, na sijaushika hata mara moja.

"Mwalimu," nikasema, "juzi nilikutaja kwenye mizigo."

"Nili... sikia."

"Najua ulisikia. Nikajifanya sijui."

Akangoja. Ndiyo tabia yake, alikuwa anawangoja hivyo hivyo wanafunzi waliokuwa na jibu nusu.

"Si vitu ninavyovililia," nikasema. "Naogopa vile vyumba viwili. Hapa kuna vyumba saba. Nikizidiwa nakwenda cha mwisho kule, nafunga, nalia, narudi nimenawa uso, nakuuliza kama unataka chai. Kule nitalilia wapi? Utaniona. Na mimi nitakuona kutwa nzima ulivyo, bila ukuta. Nikaona bora nikufanye mzigo. Mzigo unaubeba tu, hauulizi umelalaje. Nisamehe, Kibwana."

Sijamwita jina lake tangu tupate mtoto.

Akaegemea fimbo yake. Halafu akasema, "Mi... mi pia... nalia. Ukiwa... cha mwisho."

Nikalia pale pale, sakafuni, mbele ya sahani. Aibu gani tena! Na zile nukta zikabanduka zenyewe, moja, mbili, zikaanguka chini.

Msumeno ukaziokota, ukazitazama, ukakata tamaa. "Sawa. Hana alama, si chombo. Lakini kisicho chombo hakibebwi. Kitaingia kwa miguu yake. Ukimshika hata ukucha, mama, nakata."

"Na hivi vitu?" mlango ukauliza, umeshaanza kutoka.

"Gawa!" nikasema. "Sufuria mpe Mama Tunu. Niachie sahani mbili."

"Za kuangalia?"

"Za kulia ugali."

Sahani mbili zikajiunga zenyewe, zikanifuata nyuma kwa adabu.

Mlango wa darasa unafungukia kwenye ngazi. Mwalimu anashuka. Mimi niko nyuma yake, mikono nimeifunga mgongoni kwa kanga nisije nikasahau. Fimbo, mguu wa kushoto, kisha ule wa kulia anauburuta. Anahesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, kama anafundisha. Ngazi ya kumi na tatu anasimama, anayumba, na mimi nang'ata ile kanga nyingine ya begani mpaka inatoboka.

"Mwalimu, pumzika!" Mama Tunu anaita kutoka juu. "Hakuna anayekufukuza!"

"Kumi... na nne," anasema mwalimu, na anashuka.

Thelathini na moja. Chini hapakuwa na barabara yetu. Palikuwa na ukumbi mdogo wa saruji na ule mlango, sasa umeshaingia ukutani mahali pake, umetulia, na umepakwa rangi ya kijani, ile kijani ya embe bichi.

"Karibuni, mpumzishe miguu," mlango ukasema. "Ila angalieni, rangi mbichi. Mnisukume kwa kiwiko."

Mwalimu ana fimbo mkono wa kushoto. Akiiachia ataanguka. Mimi nimefungwa kanga mgongoni, na hata nisingefungwa, msumeno ulikuwa unatutazama toka ngazi ya mwisho. Tukasimama pale muda mrefu. Nikasoma Bismillahi mara tatu.

Kisha nikaona kidole gumba cha ile ngumi kinafunguka kifuani pa mwalimu. Kikafuata cha shahada. Vinafunguka kimoja kimoja, vinatetemeka, na jasho linamtiririka mwalimu mpaka kidevuni. Ngumi ikawa kiganja. Akakibandika mlangoni, chote, akasukuma.

"Mama yangu!" mlango ukasema, unafunguka. "Nilisema kiwiko."

Tukaingia tumegeuka kiubavu, maana wawili hatukuenea. Ndani palikuwa peupe na padogo, na tuliweza kuonana popote tulipogeuka.

Nikaamka.

Jua lilikuwa limeshapanda dirishani. Vitu vyote vizima, vimejaa, kochi linawakalisha watatu, saa ina asubuhi yake. Mwalimu amelala chali pembeni yangu, ngumi kifuani. Nikamtazama sana. Halafu nikafanya kitu ambacho mtaalamu wa mazoezi ya viungo amekuwa akiniomba nifanye kila siku na mimi nasingizia kazi za jikoni: nikaushika mkono wake, nikaanza kuufungua polepole, kidole kimoja baada ya kingine. Ulikubali kwa shida.

Kiganja kilikuwa cha kijani. Nikagusa, ikanishika kwenye kidole. Haijakauka.

Nikachukua simu.

"Mwajabu, ule mlango wenu mmeupaka rangi gani?"

"Shikamoo mama, kwanza."

"Marahaba. Rangi gani?"

"Kijani. Fundi amemaliza jana magharibi, nilitaka iwe siri, mje muione Jumamosi. Nani kakwambia? Na yeye sasa hivi yuko hapa analalamika, anasema kuna mtu kauharibu."

Mwalimu alikuwa amefungua macho, ananitazama. Sikuondoka kwenda chumba cha mwisho.

"Mwambie asipake tena," nikasema, na sauti ilinitoka na machozi yake, wote wawili wakasikia. "Ni baba yako kaufungua."