Kumi na Tano, Hamsini

Mimi na wifi yangu, mke wa kaka yangu, tulikuwa watandika vitanda katika hoteli moja, na kila Jumamosi mchana tulikwenda pamoja kusoma Kiingereza nyuma ya duka la fotokopi. Mwalimu wetu tulimwita Bwana Kioo, kwa kuwa kila mwanafunzi, hata mlinzi mwenye ndevu za mvi, alilazimika kujitazama kinywa kwenye kioo cha mkononi huku akitamka. Wifi alikuwa akicheka kuliko wote. Ndiye aliyenishawishi nijiunge.

Jumamosi moja hakuja. Mtoto wake alikuwa na homa. Siku hiyo tulifundishwa namba.

"Kiswahili kimetuzoesha kukanyaga silabi ya pili kutoka mwisho," mwalimu alisema. "Hizi, vuta mwisho: fif-tiiin. Usipovuta, mtu atasikia fifti. Kumi na tano imeshageuka hamsini." Kisha akanigeukia. "Mfikishie wifi yako."

Jioni nilipompitia kumjulia hali mtoto, wifi akaniuliza, "Enhe, leo mmesoma nini?"

"Ah, yale yale tu. Hujakosa kitu."

Ningependa kusema nilisahau. Lakini asubuhi ile meneja alikuwa ametuambia anahitaji mtu mmoja wa mapokezi, na kwamba angetujaribu sisi wawili, kila mtu wiki yake. Wifi alikuwa na sauti tamu na uso wa bashasha. Mimi nilikuwa na zile namba tu.

Siku ya nne ya wiki yake, mgeni mmoja alipiga simu kutoka chumbani, akauliza basi la uwanja wa ndege linaondoka saa ngapi. Lilikuwa linaondoka saa kumi na mbili na robo alfajiri. Wifi akamjibu kwa adabu zote, "Siksi fiftin," akiikanyaga ile "fif" kwa nguvu. Nilikuwa napita na toroli la mashuka. Nilisikia. Nikasukuma toroli langu nikaenda zangu.

Kesho yake mgeni alishuka na masanduku saa kumi na mbili na dakika arobaini. Basi lilishaondoka, na ndege ikamwacha. Makelele yake yalifika ghorofa ya tatu. Kabla ya chai ya saa nne wifi alikuwa amerudishwa vitandani, na wiki iliyofuata nikakaa mimi. Kazi nikapewa.

"Hongera, wifi," akaniambia, akanikabidhi viatu vyeusi alivyonunua kwa ajili ya mapokezi. "Mimi ulimi wangu mzito. Kizungu kina wenyewe."

Darasa akaacha. Viatu vilinienea sawasawa, nilitamani vinibane.

Wiki tatu roho ilinisuta. Mwishowe nilimfuata chumba cha kufulia, akiwa anakunja mashuka, nikashika ncha za upande wa pili.

"Wifi, siku ile uliyokosa tulisoma namba. Niliambiwa nikufikishie. Sikukufikishia, makusudi."

Mikono yake haikusimama. Tulikunja mara moja, tukakunja tena, tukasogeleana.

"Na yule mgeni alipopiga simu, ulinisikia?"

"Nilikusikia."

Akazichukua ncha kutoka mikononi mwangu. "Kaka yako asijue. Sitaki ugomvi wa ndugu nyumbani kwangu."

"Nitakwenda kwa meneja."

"Nenda, kama utapata nafuu."

Nilikwenda. Meneja alinisikiliza, akasema aliyejibu simu ni mwenzangu wala si mimi, akarudi kwenye karatasi zake. Nafuu sikuipata.

Wifi alirejea darasani Jumamosi iliyofuata. Alikaa karibu na mlinzi, akashika kioo, akatamka bila kucheka. Salamu yangu aliiitikia, basi.

Miezi ilipita. Siku moja kaka aliingia mapokezi, meno yote nje. Mkewe amepata kazi ya kupokea simu kwenye kliniki ya meno, anaanza Jumatatu. Aliponiona nimeduwaa, akashangaa.

"Kwani hakukwambia?"

"Aliniambia," nikadanganya, nikainua simu iliyokuwa ikilia.