Rupia ya Marsiana Mnadani

Mwezi wa tisa maksai mmoja wa Marsiana alikufa kwa ugonjwa wa kupe, na maksai mmoja hafungwi nira. Huku Ufipa mvua haimsubiri mtu. Ikianza, mwenye maksai wawili analima, mwenye mmoja anatazama wenzake wakilima. Marsiana ni mke wa marehemu kaka yangu, shamba lake liko nje kidogo ya Kizwite. Alikuwa anatafuta maksai wa pili, na hakuwa na kitu cha kumnunulia ila sarafu moja.

Sarafu yenyewe ilitoka chini ya figa. Alikuwa anabomoa jiko la zamani alilorithi pamoja na shamba kwa babu yake, jembe likagonga kitu, akadhani ni kifuniko cha kopo. Kumbe sarafu ya rupia mbili ya Mjerumani, ya fedha. Upande mmoja Kaisari na masharubu yake, kavaa kofia ya chuma yenye ndege juu. Upande wa pili simba na mti kama mchikichi.

Nilipoishika nilipandwa na hasira, na sioni haya kusema. Wengine wakiona sarafu kama hii wanaona urembo wa kabatini. Mimi naona kodi. Mjerumani alikuja hapa akahesabu vibanda vya watu, akataka kila kibanda kilipe, na kilipe kwa sarafu yake. Sarafu yake utaipata wapi? Kwa kumfanyia kazi yeye. Babu yake Marsiana aliipata moja, akaona heri aifukie kuliko kumrudishia. Huo mimi nauita ushujaa, na haukuandikwa popote.

"Shemeji, ushujaa haukokoti plau," Marsiana aliniambia.

Alikuwa ameshaipeleka sokoni, mnunuzi wa vyuma chakavu akampa bei ya kuku. Hapo ndipo niliposema basi. Tangu ujana wangu nagombana na lumbesa: gunia linajazwa mpaka linaota kichwa, mkulima analipwa gunia moja, na anayenunua ndiye mwenye mzani, mwenye bei na mwenye lori. Nikamwambia kitu hiki hakiendi kwa lumbesa. Kinakwenda mnadani, wanunuzi wapigane wenyewe.

Mnada wa mtandaoni niliujua kwa kusoma. Shule niliishia darasa la nne, lakini maandishi madogo ya chini huwa nayasoma yote, maana huko ndiko wanakoficha meno. Safari hii meno yalikuwa upande wetu. Mnunuzi analipa kwa wenye mnada, fedha inakaa kwao, sisi tunatuma sarafu kwa posta ya rejista, na akishasaini kuwa amepokea ndipo fedha inakuja kwetu. Hakuna kukutana na mtu njia panda, hakuna kumkabidhi kondakta.

Nilipokwenda kupiga picha nilimkuta na jivu na ndimu, anataka kuisugua. Nikamnyang'anya. Nikamweleza kuwa wakusanyaji wanaipenda sarafu na weusi wake, ukiisugua umekwangua bei. Alinuna. Kitu kikitoka kwake kichafu, alisema, huko kiendako watasema Marsiana hana maji. Tukapatana sarafu ibaki na weusi wake, ila isafiri ndani ya kitambaa cheupe kilichopigwa pasi.

Tukaipiga picha pande zote, ukingo pia, tukaipima kwa sonara. Niliandika hata mkwaruzo wa jembe shingoni kwa Kaisari, maana anayeficha mkwaruzo ni ndugu yake mwenye lumbesa. Akaunti tuliifungua kwa jina lake, kwenye simu yake. Madau yakaanza kupanda taratibu, na Marsiana akawa anayafuatilia kama wenzake wanavyofuatilia mpira.

Ndipo akaingia Eustace. Aliandika mahali pa maswali: shikamoo mama, niko Dar, naomba namba yako nikuulize kuhusu huyo simba. Masharti ya mnada yanasema wazi usitoe namba. Marsiana akatoa. Nilipomgombeza alinishangaa: mtoto kamwamkia vizuri, sasa amjibu nini, masharti?

Eustace akapiga. Atalipa mara mbili ya dau la juu, ila sarafu itolewe mnadani, ya nini kuwagawia wenye mnada. Fedha atatuma moja kwa moja, mzigo upakiwe kwenye basi la Dar kesho alfajiri. Na siku hiyohiyo Flavian, mwenye maksai ambaye Marsiana alikuwa amemchagua, alileta habari kuwa mtu wa Laela anakuja asubuhi kumchukua maksai huyo. Marsiana akaona Mungu amejibu kwa simu.

Nilimkuta anafunga kitambaa. Meseji ilikuwa imeingia: imethibitishwa, umepokea, na kiasi chenyewe. Alinionyesha kwa furaha. Nikamwomba aangalie salio. Hakutaka, aliona ni kumkosea adabu mtu aliyekwisha kulipa. Nikasisitiza. Salio lilikuwa lilelile la asubuhi, fedha ya chumvi, na meseji ilitoka kwenye namba ya mtu kama wewe na mimi. Marsiana akaketi juu ya gunia.

Simu ikaita. Eustace alitaka kujua kama mzigo umekatiwa risiti. Mimi hotuba yangu ilikuwa tayari, nanyoosha mkono nichukue simu, Marsiana akanizuia.

"Mzigo uko tayari, mwanangu," alisema kwa upole. "Sasa nitajie majina yako matatu, na jina la mama yako."

"Ya nini tena, mama?"

"Hii ni mali ya babu. Kwetu kitu cha babu hakitoki kabla hajaambiwa nani anakichukua. Nataka nikamwambie sasa hivi."

"Si alikufa?"

"Siku nyingi."

"Kwani mama uko wapi hasa?"

"Sumbawanga."

Simu ikakatika. Kwenye tangazo tuliandika Mkoa wa Rukwa, lakini vijana hawa hata Rukwa hawajui iko wapi. Baada ya muda ikaingia meseji: mama nisamehe, ile ya fedha ilikuwa makosa, naomba usimtajie mtu jina langu, na pia Eustace si jina langu.

Nilipaswa kukasirika, na nilijaribu. Maisha yangu yote napinga kashfa hiyo. Mtu wa Sumbawanga akifika mjini anaulizwa amekuja kwa basi au kwa ungo. Nimeandikia magazeti, nimeshushwa kwenye mabasi kwa kugombana. Nikamwambia Marsiana kuwa amewaongezea maneno.

"Mimi nimetaja uchawi?" akaniuliza. "Nimeuliza jina. Hayo mengine kajipikia mwenyewe."

Nikafungua mdomo kujibu, kikatoka kicheko. Tulicheka mpaka jirani Bertilla akachungulia uani kuona kuna nini.

Maksai ndiye aliyebaki hatarini. Alfajiri nilipanda bodaboda mpaka kwa Flavian, nikamwonyesha mnada kwenye simu yangu. Alikuwa mgumu, mpaka akaona dau likipanda mbele ya macho yake. Akavuta kigoda. Mtu wa Laela alipofika alimkuta Flavian anawasema watu wa Mwanza, waliokuwa wakipandisha dau kidogo kidogo, kwa ubahili wao, akaambiwa arudi mnada ukifungwa, mama asipopata ndipo amchukue.

Ulifungwa jioni, kwa bei iliyomtosha maksai na dawa ya kupe juu yake. Aliyeshinda ni Bibi Stefania, muuguzi mstaafu wa Moshi. Marsiana akamwandikia pale pale mnadani, si kwa namba, akamwomba majina matatu na la mama. Yule bibi akayaleta yote, akaongeza na la bibi yake. Marsiana akasimama penye lile jiko lililobomolewa, akapiga ishara ya msalaba, akayasoma kwa sauti. Kesho yake tukaenda posta.

Siku za kungoja zilikuwa ndefu, na alinituhumu mara kadhaa kuwa maandishi yangu madogo yamemlia rupia yake. Kisha Stefania akasaini, fedha ikaingia, akaangalia salio mara mbili bila kuambiwa.

Mvua ya kwanza ilitukuta tumeshafunga nira. Yule maksai mgeni alikuwa na nguvu kuliko mwenyeji, anavuta upande wake kama aliyesahau kitu kule mbele. Mimi nilikuwa nimeshika mikono ya plau, namweleza Marsiana kwamba baada ya miaka yote hiyo leo Kaisari ndiye anayetulimia sisi, na kwamba hili lazima niliandike.

"Utaandika jioni," alisema kutoka mbele, kashika kamba. "Kandamiza, shemeji. Mstari unapinda."