Printa Yenye Wino Mweusi wa Aina Tatu

...na wino mweusi wa aina tatu wa nini, kwani nyeusi si nyeusi tu, anajiuliza mwenye studio huku muuzaji akiipigapiga ile printa ya kwanza mgongoni kama anayeuza ng'ombe, "Hii mama ndiyo wanayochukua wote, karatasi upana wa inchi ishirini na nne, ina haraka, rangi zinawaka," zinawaka kweli, maharusi hutoka humo kama waliopakwa mafuta ya kupikia, lakini leo hakuja kwa ajili ya maharusi, amekuja na picha moja ya ukubwa wa postikadi, picha ya mama, picha pekee, mke wa mpiga picha na picha moja maisha yake yote, mganga hajigangi, na katika hiyo moja uso ni giza tupu, na mdogo wake aliyeachwa ananyonya amemwambia jana kwenye simu, dada, ikuze tuitundike ukutani, mimi mwenzio sijawahi kumwona mama... na atamjibu nini, kwamba aliyeuzima uso wa mama ni yeye? Maana ni yeye. Alikuwa na miaka minane, chumba cha giza cha baba kilikuwa stoo iliyozibwa dirisha kwa blanketi, taa nyekundu, ile dawa yenye harufu ya siki iliyomfuata baba vidoleni mpaka mezani, na saa ya kupimia mwanga ilikuwa imekufa zamani, baba hakununua nyingine, alisema ninayo saa yenye miguu, na saa yenyewe ni yeye, amesimama juu ya debe, uso ameuelekeza ukutani kama alivyoagizwa, usigeuke mwanangu utapoteza hesabu, moja, mbili, tatu, kwa sauti, baba ajue lini azime taa, maana mwanga ukizidi karatasi huungua ikawa nyeusi, na alivyojivuna, we acha tu, wenzake wanacheza nje yeye ana kazi... siku ya picha ya mama alifika kumi na mbili akapiga chafya, baba akasema endelea, akaendelea, alirudia kumi na mbili au alianza tena kutoka kumi, hajui mpaka leo, na karatasi ilipotolewa kwenye beseni mama hakuwa na uso. Baba aliitazama muda mrefu, akasema tuiache hivihivi. Hakumgombeza, na afadhali angemgombeza, kofi moja lingepoa siku ileile, kuliko upole ule uliomkaa kooni miaka arobaini, kwa sababu mama alifariki mwezi uliofuata na negativu, ile filamu ya kuchapia nyingine, haikuonekana tena, na mwenye kosa haulizi... "Mama, zimetoka, angalia mwenyewe," muuzaji anazilaza mezani karatasi mbili za majaribio, picha ileile ya mama, ya printa ya kwanza ni lami, lami inayong'aa, kama alivyotegemea, na ya pili, hii yenye wino mweusi wa aina tatu na kijivu chake, "hii ni ya polepole, wateja wengi hawana subira nayo," anasema muuzaji, na yeye hamsikii vizuri, kwa kuwa kuna macho. Kuna macho mle gizani, na pua, na mashavu yaliyobonyea, shingo nyembamba, mifupa... mama alikuwa amekonda namna hii? Na gauni ni jeupe, vifungo vyote vinahesabika, mbona gauni ni jeupe, angezidisha hesabu gauni nalo lingeungua, pazia lingeungua, picha nzima, jambo la mwanafunzi wa wiki ya kwanza hilo, na hapa kwenye pazia nyuma ya kichwa kuna duara, kivuli laini cha mviringo, anakijua, jamani anakijua, ni ile kadi ya baba yenye tundu katikati, unaishika chini ya taa, mwanga unapita tunduni tu, panaungua pale unapotaka, kwingine hapaguswi, ameitumia mwenyewe miaka kumi, na picha hii hakuwahi kuitazama kwa jicho la fundi, aliitazama kwa jicho la mshitakiwa. Hesabu ilikuwa sawa. Baba ndiye aliyemfunika mama, kwa mkono wake, huku mtoto ametazama ukuta, akafunika ugonjwa watoto wasiukumbuke, maskini baba, hukujua kwamba mtoto mmoja angebeba lile giza kama lake? Anataka kukasirika, hasira haiji, linalokuja ni harufu ya siki na kiganja kikubwa kikimshusha kutoka kwenye debe... na sasa ikuzwe, mdogo wake ayaone mashavu hayo, au na yeye, kama baba, atafute kadi yenye tundu? Hapana. Baba alikuwa na watoto wadogo, lakini mdogo wake leo ana miaka arobaini na mmoja, amemzidi mama umri, atamchapia mama alivyokuwa, na wakilia watalia wawili. "Basi tufunge ipi, mama?" muuzaji anauliza, na yeye anautazama ule uso wa mama, ni mdogo kweli, binti tu, na yeye miaka yote hii alikuwa akimwogopa.