Bitana Nyeupe

Doa lilianza dogo kama kichwa cha pini. Ilikuwa Jumapili ya Pasaka, usharikani kwetu Mwika, na wifi yangu Eunike alikuwa amesimama mstari wa mbele wa kwaya, mikono juu, anaimba sauti ya kwanza. Mimi nilikaa benchi la pili upande wa akina mama. Fundi wa nguo ukimpeleka kanisani hasikilizi wimbo, anatazama mishono. Nikaliona chini ya ziwa lake la kushoto, kwenye blauzi nyeupe, nikajiambia huyu kajimwagia chai asubuhi kwa haraka. Ubeti wa pili likawa punje ya dengu. Ubeti wa tatu likawa sawasawa na kifungo cha shati, na halikuwa na rangi ya chai.

Nikajua. Mahali doa lilipokuwa ndipo nilipopitisha waya wangu.

Watu wanaimba amefufuka, mimi macho kwenye lile doa.

Naitwa Magreth, na kazi yangu ni kushona sidiria. Nina cherehani yangu kwenye baraza la duka la vitambaa la Paresh, pale Moshi mjini, mwaka wa ishirini na mbili sasa. Aliyenifundisha ni marehemu mama yake Paresh, Mama Bhagwati, mwanamke mfupi mwenye vidole vya chuma, aliyekuwa akishona blauzi za sari tangu kabla sijazaliwa. Mama Bhagwati alikuwa na sheria moja tu: macho kwenye futi, masikio kwa mteja. Maana yake, mteja anaingia nyuma ya pazia, anajifunga khanga, nawe unampima juu ya khanga. Humtazami. Mengine unauliza. Inabana? Inakukata begani? Ukivuta pumzi je? Yeye anajibu, wewe unarekebisha.

Wanawake wa mlimani walinipendea hilo. Sisi huku ni watu wa aibu, mtu anaweza kuzaa watoto saba na dada yake hajawahi kumwona mgongo. Nimemshonea mke wa mchungaji, nimewashonea masista wa Kibosho, na sijui kifua cha hata mmoja wao kikoje. Nilijivunia. Nilikuwa nasema, kuuliza si ujinga, na sidiria isiyo na waya ni soksi.

Sasa huyu Eunike. Ni mke wa mdogo wangu Yakobo, anayepandisha watalii mlimani. Miaka mitano iliyopita alikuta uvimbe kifuani, wakampeleka India, wakamtoa maziwa yote mawili na mahali pake wakamwekea vifuko vya silikoni, vizuri kabisa, ukimwona na nguo huwezi kudhani. Katika ukoo wetu tuliojua habari za vifuko ni Yakobo na mimi. Mama yetu aliambiwa uvimbe umetolewa, basi, tumshukuru Mungu.

Alinijia dukani Februari ya mwaka uliofuata. Alitoa kwenye mkoba kitu cha kijivu, kipana, kimechoka.

"Wifi, hii waliyonipa hospitali si sidiria, ni bandeji," alisema. "Nimeivaa mpaka nimesahau mimi ni mwanamke. Nishonee kitu."

"Walikukataza nini?"

"Waya. Miezi sita. Huu ni wa tisa."

Nilishona ile sidiria kwa siku nne. Sijawahi kumshonea mtu kwa upendo kama ule, na nalisema hili kwa sababu ndilo linaloniuma. Nilichagua kitambaa cha rangi ya zambarau iliyoiva, lesi juu ya vikombe, bitana nyeusi ndani isionyeshe uchafu. Nyaya nilizipinda mwenyewe kwa koleo. Siku ya kujaribisha nikampima juu ya khanga kama kawaida. Kuna kitu kilinishtua kidogo: futi halikuzama. Kwa mwanamke mwingine futi linazama, nyama inalipokea. Kwake lilikaa juu juu kama limefungwa kwenye chungwa. Nikapuuza.

"Inabana?"

"Haibani."

"Vuta pumzi. Inua mkono. Inakukata?"

"Haikati, wifi. Sihisi hata kama nimevaa kitu."

Nilicheka kwa furaha. Miaka yote ile hakuna mteja aliyewahi kunisifia hivyo. Jioni nilimsimulia Paresh, akaagiza soda tukanywa.

Basi, Pasaka ile, wakati wa matoleo, watu wanapanga foleni kwenda mbele, nilimfuata Eunike nikamshika mkono kama nina shauri la kifamilia, nikamwingiza chumba cha wazee wa kanisa nyuma ya madhabahu. Nikafunga mlango.

"Inauma?"

"Nini?"

Nikamwonyesha kwa kidole. Akainamisha kichwa, akaliona doa, akakaa kwenye kiti bila kuangalia kama kiti kipo.

"Fungua blauzi."

"Usinitazame, wifi."

"Mimi mwenyewe sitaki. Fungua."

Hakufungua. Nikafungua mimi, vifungo sita. Nikaivua ile sidiria yangu. Ngozi chini ya ziwa, pale kwenye kovu la upasuaji, ilikuwa imeliwa. Kidonda kilikuwa kimepinda kama mwezi mchanga, na mtu asinieleze, niliutambua mpindo ule. Ni wa koleo langu. Nikageuza sidiria ndani nje. Bitana ilikuwa imelowa, ikakauka, ikalowa tena, siku sijui ngapi, imekakamaa kama ngozi ya mbuzi juani. Ile rangi yangu nyeusi ilikuwa imeficha yote.

"Hukuona? Ukioga hukuona?"

"Siangalii," Eunike alisema. "Tangu India, nikioga naangalia dari."

"Na usiku unaivua?"

"Nalala nayo. Ndiyo nzuri pekee niliyo nayo."

Yakobo alikuwa mlimani siku ya tatu na wageni, simu haipatikani. Tukaomba pikapu ya mzee wa kanisa Thadeus, ambayo siku za kazi hubeba ndizi, tukabanana mbele sisi watatu. Mzee Thadeus akauliza mgonjwa ana nini. Nikasema tumbo. Akaendesha mpaka tunakaribia Himo, halafu akasema, macho barabarani, "Mficha maradhi kifo humuumbua, Magreth." Eunike alikuwa ameushika mkono wangu, na kila gari liliporuka shimo nilikuwa namtazama usoni kuona kama ameumia. Hakukunja hata kipaji cha uso. Ndipo woga wa kweli ulipoanza kunipanda.

Hospitali tulipokewa na daktari wa upasuaji, binti ambaye ningeweza kumzaa mwenyewe. Alitazama kidonda muda mrefu, akakisafisha, halafu akaichukua sidiria yangu kwa ncha za vidole.

"Nani ameshona hii?"

"Ni mimi, daktari."

"Uliangalia ilivyomkaa?"

"Nilimwuliza."

Akanitazama kwa huruma, na afadhali angenizaba kibao. "Mama, uliuliza mahali pasipo na hisia. Wakitoa ziwa wanakata mishipa ya fahamu. Hapa nikimchoma sindano hajui. Angekujibuje?" Akaeleza kwamba chini ya kidonda imebaki ngozi nyembamba kama karatasi, na chini ya karatasi ndicho kifuko. Ikitoboka, au ikishika usaha, kifuko kinatolewa, na ngozi ile haitakubali kingine. "Tutajua baada ya siku saba, kumi," alisema. "Tusubiri."

Tusubiri. Neno jepesi kwa anayelisema.

Sikushona siku zile. Nilikwenda dukani kwa mazoea, nikakaa mbele ya cherehani, nikatoa sidiria za watu kwenye rafu na kuzigeuza ndani nje, moja baada ya nyingine, kutafuta sijui nini. Paresh akinisalimia naruka. Nilikuwa nafikiria Eunike amerudi kutoka India mzima, ameshinda kitu kinachoua watu, halafu aje apoteze ziwa mara ya pili mkononi mwa wifi yake, kwa ajili ya lesi. Kila nilipofumba macho nilikuwa naliona lile koleo.

Siku ya nne nilipanda Mwika alfajiri. Mama alikuwa anawakatia ng'ombe majani. Nikamwamkia, shikamoo mama, akaitikia, akaniona ninakwenda moja kwa moja kwenye mpaka wa kihamba, shamba letu la nyumbani, kwenye masale. Nikachuma jani moja, refu, lisilo na doa, nikalifunga fundo. Mama hakuuliza limefungwa kwa ajili ya nani. Kwetu mtu akishika isale lililofungwa anakwenda kuomba msamaha, na hapo haulizwi. Alinipa tu chupa ya mtori wa ndizi nimpelekee mgonjwa wa tumbo.

Wodini walikomlaza, nililiweka isale juu ya shuka, kwenye mapaja ya Eunike, nikapiga goti pale sakafuni mbele ya wagonjwa wengine wote.

"Inuka, wifi, watu wanatutazama."

"Lichukue kwanza."

Akalichukua. Akawa analigeuzageuza, anapitisha kidole kwenye ukingo wake. "Nilikudanganya," akasema. "Kila uliponiuliza inabana, nilisema haibani. Nilipaswa kusema sijui. Tangu nitoke India sijui kitu kutoka hapa mpaka hapa. Mtoto wangu ananilalia kifuani namwona kwa macho tu. Niliona aibu kukwambia. Nilidhani nikisema, utanishonea tena bandeji."

Nikaweka kichwa kwenye ukingo wa kitanda nikalia, na sikujali nani ananitazama.

Yakobo alishuka mlimani siku hiyo hiyo jioni, uso umebabuka kwa baridi na jua. Nilimngoja mlangoni nikamweleza mwenyewe, nimesimama, neno kwa neno. Hakunigombeza. Alisema, "Umekula, dada?" akaingia kwa mke wake.

Ilichukua siku kumi na moja. Yule binti daktari alibandua bandeji, akainamisha taa, akabonyeza pembeni, akatazama tena. Halafu akasema ngozi imeshikana na kifuko kitabaki. Eunike alisema asante. Mimi nilitoka nje nikatapika kwenye maua.

Majuto ni mjukuu, lakini mjukuu naye analelewa. Ziwa la kawaida linainuliwa. Hili halihitaji kuinuliwa, linasimama lenyewe, kinachotakiwa ni kulizuia lisitembee kuelekea kwapani. Hayo sikuyajua. Nilifumua na kushona upya mpaka nikahesabu tisa. Waya nikautupa. Mkanda wa chini nikaupanua vidole vinne, pamba tupu, lastiki laini, ukae chini ya kovu na si juu yake. Ubavuni nikapandisha ukuta wa kitambaa. Mishono nikaigeuza ikae nje, aibu yake ionekane na watu, ndani kubaki laini. Kulabu nikazileta mbele, maana mkono uliopasuliwa kwapa haufiki mgongoni. Na bitana nikaweka nyeupe.

Siku hizi wanawake waliotolewa maziwa wananijia kutoka Sanya Juu, na mmoja alitoka mpaka Singida. Wakiigeuza wanalalamika bitana nyeupe inachafuka upesi. Nawaambia ndiyo kazi yake. Nawakalisha saa nzima wameivaa, wanakunywa chai, halafu naivua natazama ngozi kwa macho yangu. Swali la inabana siulizi tena.

Lakini wa kwanza alikuwa Eunike mwenyewe. Alikuja Juni, ule mwezi wa baridi yetu, ukungu umekaa mpaka saa nne na mlima huuoni. Aliingia nyuma ya pazia, nikampa khanga kwa mazoea. Akaishika, akaitazama, akaitundika kwenye msumari.

"Tazama, wifi," alisema.

Nikatazama. Makovu mawili marefu, na pale chini kushoto, la tatu, la kwangu, limepinda, bado jekundu. Nikamvisha, nikafunga kulabu moja moja. Nikapita na vidole chini ya mkanda wote, kutoka mgongoni kuja mbele. Yeye alikuwa amegeuzia uso ukutani, kwenye kalenda ya Paresh, ameuma meno, anangoja kuguswa.

"Haya, anza," alisema.

Kiganja changu kilikuwa kimeshalala chini ya ziwa lake muda mrefu, juu ya lile kovu, kinasikia moyo wake unavyopiga.

"Bado kidogo, wifi," nikamwambia.