Vijiko Viwili vya Maziwa ya Unga

Kijiko cha tatu kiliishia njiani. Kilikuwa kimejaa viazi vya kuponda, vyeupe na laini, na mvulana alikishika hewani kati ya sahani na mdomo, kama mtu anayesikiliza kitu chumba cha pili. Kisha akakirudisha sahanini taratibu, akainua macho.

“Mama, umeweka nini humu?”

Hapo ndipo mwanamke mwenye akili zake angevuta kiti, akakaa, akasema ukweli, nasi tungeishia hapa hapa tukaenda zetu kulala. Lakini mama huyu, mwenye akili nyingi siku nyingine zote, aligeukia sinki, akafungua bomba ambalo hakuwa na haja nalo, akasema, “Chumvi tu, kama siku zote.”

“Chumvi tu?”

“Nikudanganye ili nipate nini?”

Mvulana akamtazama mgongo kwa muda. Akasema ameshiba, akamshukuru kama alivyozoea, akaenda chumbani kwake. Maji yaliendelea kutiririka mpaka mama alipokumbuka kufunga bomba. Sahani ilikuwa karibu nzima, na viazi vilikuwa vimeanza kupoa.

Huyu mtoto alikuwa na miaka kumi na mitano na urefu wa mtu mzima, ila mwili ulikuwa umekataa katakata kuufuata huo urefu. Mkanda wake ulitobolewa matundu mapya kwa msumari. Vijana wa mtaani walimwita Njiti, na jina likamganda hata watu wazima wakalitumia bila kujiona wanakosea. Tangu utotoni alikula vitu vinne: wali mweupe usioguswa na mchuzi, viazi vya kuponda, mkate uliobanduliwa ganda na ndizi isiyo na doa. Ukimwekea maharage pembeni ya wali, basi wali wote umeshaharibika. Jirani mmoja alisema ni deko, mwingine minyoo, mwingine mama yake alimlea kama yai. Kila mtu ni daktari wa mtoto wa mwenzake.

Daktari wa kweli walimwona baada ya Njiti kuanguka mstarini shuleni. Alikuwa dada mmoja mpole, asiye na haraka, na alisema mambo mawili. La kwanza, wasimlazimishe vyakula vipya kwa sasa, bali waongeze nguvu katika vile anavyokula: maziwa ya unga, siagi, mafuta, kidogo kidogo. La pili, wafanye hivyo pamoja naye, aelezwe kila kinachoingia kwenye sufuria. Akaongeza, bila kupandisha sauti, kwamba wakirudi mwisho wa mwezi na uzito umeshuka tena, itabidi alazwe na alishwe kwa mpira unaopitishwa puani. Njiti aliposikia hivyo alishika pua yake, na hakuiachia mpaka walipofika nje.

La kwanza mama alilishika. La pili liliuawa na wifi yake.

Wifi alikuwa dada wa marehemu mumewe, mlezi wa bweni la wasichana, mwanamke mwenye mdomo na moyo mkubwa kwa kiwango kimoja. Alikuwa amesimamia meza za watoto wa watu kwa miaka, na hakuna sahani iliyothubutu kuondoka mbele yake na chakula. Kumwambia mtoto mbishi kuna maziwa, alisema, ni kumpa sababu ya kugoma. Mtilie kimyakimya, ongeza polepole, siku akigundua atakuwa ameshanenepa. Mama alisikiliza, na kwa kuwa hofu ilikuwa imemkaba, akaona ni maneno ya busara.

Sasa cha kushangaza ni kazi ya huyu mama. Alikuwa mchanganyaji wa rangi katika duka la rangi za nyumba. Mtu anakuja na kipande cha plasta kilichobanduka ukutani, anasema nataka rangi hii hii, na mama anakitazama, anadondosha tone la nyeusi na nusu tone la njano kwenye kopo la nyeupe, anakoroga, anapaka kidogo kwenye kadi, anangoja ikauke. Wateja waliodhani nyeupe ni nyeupe tu aliwarudisha shule: wakipaka nusu ukuta kwa kopo hili na nusu kwa lile, wataona mstari kati yake kila asubuhi wakiamka. Basi mwanamke huyo anayelipwa mshahara kwa sababu tone moja linaonekana, ndiye aliyekwenda nyumbani akaamini kwamba maziwa ya unga hayatajulikana kwenye viazi.

Alianza na ncha ya kijiko. Njiti alikula. Akaongeza, Njiti akala. Jioni zikapita, mama akaanza kuona kama mashavu yanakuja, akawa anaimba akiosha vyombo. Kisha Ijumaa ya kurudi kwa daktari ikakaribia, roho ikamruka, na Jumatatu akatia vijiko viwili vilivyojaa pamoja na bonge la siagi. Jumatatu hiyo ndiyo aliyoulizwa.

Kesho yake Njiti hakugusa viazi. Jioni hakugusa na wali. Aliomba ndizi, akaimenya mwenyewe. Aliomba mkate, lakini ule wa kwenye pakiti ambayo haijafunguliwa, na alipopewa aliigeuza geuza akitafuta palipobandikwa upya. Hakununa wala hakujibu ovyo. Aliendelea kumwamkia mama yake asubuhi vizuri tu, na hiyo adabu ndiyo iliyomchoma mama kuliko matusi. Mama akiingia jikoni, kijana alikuja kusimama mlangoni, amejikunyata, macho kwenye mikono ya mama. Alikuwa anamlinda mama yake kama askari anavyomlinda mwizi.

Njia ya kutoka ilikuwepo, tena fupi. Lakini kila alipofungua mdomo, lile swali lake mwenyewe lilimrudia: nikudanganye ili nipate nini. Aliogopa kwamba akikiri, mtoto hatakula tena mkononi mwake maisha yake yote. Kwa hiyo alibembeleza, akafoka, akabembeleza tena, na kazini akakosea rangi ya mteja mara mbili. Jumatano jioni, wakipanda ngazi za kwenda kwao, Njiti alisimama katikati, akashika ukuta, akasema anapumzika tu kidogo. Midomo yake ilikuwa imepauka. Mama alisimama ngazi moja chini yake, mikono tayari kumdaka.

Mlangoni walimkuta wifi na mkoba wake, amekuja kuokoa jahazi.

Hakuketi hata dakika. Alisikiliza hadithi ya ndizi na pakiti za mkate, akacheka kicheko kikavu, akavua viatu, akaingia jikoni. Alichemsha viazi, akaviponda, akavigawa kwenye mabakuli matatu yanayofanana, kisha akafunga mlango na kutia alichotia. Akamwambia mama kwa sauti ya chini kwamba huyu mtoto anaigiza, hakuna ulimi wa namna hiyo duniani, na leo wanamuumbua ili mchezo uishe.

Mama angeweza kusema hapana. Mtoto alikuwa hana kitu tumboni, Ijumaa ilikuwa keshokutwa, na hapa walikuwa wanataka kumtega kama panya. Hakusema. Na sababu yake, ambayo baadaye ilimtoa machozi zaidi ya uongo wenyewe, ilikuwa hii: alitaka Njiti ashindwe. Akishindwa, basi Jumatatu alibahatisha tu, na uongo wa mama ungekuwa haujamdhuru mtu.

“Onja utuambie,” wifi akasema, akimsogezea bakuli. “Wewe si una ulimi wa kifalme?”

Njiti alimtazama shangazi yake, akamtazama mama. “Lazima, Shangazi?”

“Lazima.”

Alichukua kijiko. Akaonja bakuli la kwanza, akameza. “Hiki ni viazi na chumvi,” akasema. Akanywa maji. Akaonja la pili, uso ukamkunjamana, akajikaza. “Hiki kina maziwa ya unga.” Akanywa maji tena, safari hii kwa muda mrefu. La tatu alipolionja alifumba macho, akakishikilia chakula mdomoni, na koo lake jembamba likapanda na kushuka. Mama alijikuta anameza pamoja naye.

“Hiki ni kama cha Jumatatu,” akasema. “Maziwa na siagi. Ila cha Jumatatu maziwa yalikuwa mengi kuliko haya.”

Wifi alifungua mdomo kusema amebahatisha, akamtazama mama ili aungwe mkono, na alichokiona usoni pa mama kikamfunga mdomo.

Mama alivuta kiti. Kile kiti alichopaswa kukivuta Jumatatu. “Vijiko viwili,” akasema. “Vilivyojaa. Na siagi. Nilikudanganya, mwanangu.”

“Najua.”

“Na kabla ya hapo pia nilikuwa nakutilia. Siku nyingi.”

“Najua, Mama. Tangu siku ya kwanza. Ilikuwa kidogo sana, nikajua mmeshauriana.”

“Sasa mbona ulikuwa unakula?”

Njiti aliweka kijiko chini, akakinyoosha sambamba na ukingo wa meza, kama alivyofanya tangu mdogo akiwa na jambo zito. “Nilikuwa nasubiri uniambie. Nikijua kitu kimo, najiandaa, kinapita. Nisipojua, ni kama kukosa ngazi gizani. Kila siku nasema leo ataniambia. Jumatatu ilizidi, nikaona nikuulize mimi, ili iwe rahisi kwako.” Akakisogeza kijiko tena. “Maziwa yangepita, Mama. Lile jibu ndilo lililonikwama.”

Mama alilia, na hakujificha. Miaka yote alikuwa amemtetea mtoto huyu kwa majirani huku moyoni akikubaliana nao kwamba ni deko. Hakuna siku aliyomwamini kuwa anachokisikia mdomoni anakisikia kweli. Wateja wa dukani, watu baki, aliwaamini waliposema nyeupe hii si ile.

Wifi alikuwa bado amesimama. Akatafuta mkoba wake, akaushika, akauweka tena. Kisha akachukua kijiko, akaonja bakuli la kwanza, la pili na la tatu, akarudi la kwanza. “Mimi sisikii kitu,” akasema polepole, “na nimetia mwenyewe.” Akaketi.

Usiku ule Njiti alikula bakuli la kwanza, lile la viazi na chumvi, lote.

Ijumaa mzani haukumhurumia mtu. Uzito ulikuwa umeshuka. Daktari aliutazama, akamtazama mama, na mama akamweleza yote mbele ya mtoto, pamoja na uongo, bila kumtaja wifi hata kidogo. Daktari hakumgombeza. Alimgeukia Njiti, akamuuliza kama anakula sasa chakula cha mama yake. Njiti alichelewa kujibu, na katika kuchelewa kule mama aliuona mpira, aliiona na wodi. “Tangu juzi,” Njiti akasema. Daktari akawapa wiki mbili, akasema waziwazi kwamba hakuna nyingine baada ya hizo.

Ndipo mama akaanza kupika kwa sauti. Alisema kila alichokishika, kama anavyomtajia mteja matone yanayoingia kwenye kopo: chumvi hii, maziwa nusu kijiko, sasa nakoroga. Njiti alisimama mlangoni vilevile, macho kwenye mikono yake. Yeye ndiye aliyesema ongeza au basi. Kuna siku alisema basi kabla kijiko hakijagusa sufuria, na mama akarudisha kijiko kwenye kopo. Kuna siku alikula vijiko vitatu akasukuma sahani, mama akaenda kusimama dirishani akihesabu siku zilizobaki. Wifi alipiga simu kila jioni, akauliza amekula nini, akaambiwa, akasema “haya.” Kwa mtu kama yeye, hilo neno moja lilikuwa kazi.

Waliporudi kwa daktari, mama hakuweza kuutazama mzani. Alitazama soksi za mwanawe. Akasikia daktari akivuta pumzi, kisha akisema kwamba kilichopotea kimerudi, na juu yake kimeongezeka kidogo. Kitanda hakitahitajika kwa sasa. Njiti alivaa viatu vyake taratibu, akamwambia mama asianze kulia humu ndani.

Jioni ile mama aliingia jikoni akaanza kumenya viazi. Alipoinua kichwa, mlangoni hapakuwa na mtu. Njiti alikuwa mezani na vitabu vyake, amelipa mgongo jiko lote, kichwa kimeinama, anaandika. Sufuria ilikuwa inachemka. Kopo la maziwa lilikuwa wazi, siagi pembeni, na hapakuwa na jicho hata moja juu ya mikono yake.

“Natia maziwa,” mama akasema, na sauti ikamtoka nyembamba. “Kijiko kimoja.”

“Tia viwili,” Njiti akasema, akafungua ukurasa mwingine, wala hakugeuka.